Mshauri Asiye na Leseni Hana cha Kupoteza

Makanga wa matatu ya Bamburi akikutwa bila beji, siku yake imeharibika. Mama mpika biriani wa kuuza atadaiwa cheti cha afya na watu wa kaunti. Lakini mtu akikodi chumba ghorofani na kutundika kibao cha "Ushauri Nasaha: ndoa, mihadarati, msongo wa mawazo", nani kati yetu humuuliza leseni? Tunatazama adabu yake, tunauliza ni wa ukoo gani, na jirani akimsifu basi tunapanda ngazi na ada mkononi.

Kenya sheria ipo. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, Namba 14 ya mwaka 2014, inataka mtu asajiliwe na bodi, kisha awe na leseni ya kufanya kazi. Cheti cha chuo ni jambo jingine: kinathibitisha kwamba ulisoma, basi. Kadi ya uanachama wa chama cha washauri nayo si leseni. Na zile karatasi za semina ya wikendi zinazotiwa fremu na kutundikwa ukutani, afadhali nisiziseme.

Wengi wakitetea leseni huzungumzia elimu. Mimi naitetea kwa sababu ya siri. Mombasa ni mji mdogo kuliko unavyoonekana ukiwa juu ya daraja la Nyali. Ukisema neno mtaani Kuze asubuhi, jioni utalisikia mtaani Majengo likiwa limeongezwa chumvi. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana bi harusi alikabidhiwa somo wake, yaani kungwi wa kumfunda, na mume na mke waliokorofishana walikwenda kwa shekhe. Hao hawakuwa na leseni wala hawakuihitaji, kwa sababu walikuwa na jina. Somo aliyetoa ya ndani hakuitwa tena harusini, na watu walijua kwa nini. Mshauri wa kibaoni hana jina kama hilo mtaani. Akitoa siri yako huna pa kumshtaki, na yeye kesho atahamia Mtwapa na kibao chake. Leseni humpa kitu kinachoweza kuchukuliwa, nami hunipa mahali pa kupeleka malalamiko. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa, hata kuliko mtihani.

Tangu Januari 2025 jambo hili limekuwa zito zaidi. Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Zamani aliyenusurika aliogopa polisi, akanyamaza. Akitaka kusema sasa, anayemsikiliza awe ni nani?

Najua pingamizi litakalotoka Kisauni. Huko wako vijana waliopona uraibu wa unga, yaani heroini, ambao huwafuata wenzao maskani na kuwashika mkono hadi kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo. Hawana digrii, na mteja wa unga humwamini mmoja wao kabla ya kumwamini daktari. Sheria ikifungwa kwa ukali itawafungia nje hao kwanza, na tapeli mwenye digrii ya kununua atapita. Kwa hiyo waachwe wafanye kazi, lakini chini ya msimamizi mwenye leseni anayekaa nao kila wiki na kubeba dhamana yao. Hata wasomi husimamiwa: California, Marekani, mhitimu wa shahada ya uzamili ya ushauri hutakiwa kutimiza saa 3,000 chini ya msimamizi kabla ya kupewa leseni kamili. Hapa Pwani tukisema saa 3,000 leo, wasimamizi hawatatosha. Tuanze na chache.

Shuleni ndiko kunakonikera. Kiboko kilipopigwa marufuku mwaka 2001, kazi kubwa ilitupwa kwenye ofisi ya ushauri nasaha, na ofisi yenyewe mara nyingi ni meza moja pembeni mwa stoo ya vitabu. Anayeikalia ni mwalimu wa Kiswahili au wa dini, aliyesajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu kama mwalimu. Mwalimu mkuu alimwona mpole, akamteua. Wako waliojilipia diploma za ushauri kwa mishahara yao, nami nawavulia kofia. Lakini kufundisha vizuri si idhini ya kusikiliza mtoto anayeguswa vibaya na mjomba wake.

Marekani wametenganisha. Mshauri wa shule hupata kibali chake kutoka idara ya elimu ya jimbo, na mshauri wa kliniki hupata leseni kutoka bodi nyingine. Haikuja kwa siku moja: Virginia ilianza kuwapa washauri leseni mwaka 1976, California ikawa jimbo la mwisho mwaka 2009. Chama chao cha washauri wa shule hupendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, idadi ambayo shule zao nyingi zenyewe hazifikii, kwa hiyo sitaitamani. Ninachotamani ni kwamba mshauri huajiriwa kwa kazi ya ushauri.

Kwetu, mwalimu wa ushauri aghalabu ndiye pia anayeketi kwenye kamati ya nidhamu. Jumanne mtoto anamweleza kwamba anavuta bangi kwa sababu nyumbani hakulaliki, Ijumaa anamkuta mezani akishiriki kumhukumu. Binti wa jamaa yangu alieleza jambo la nyumbani kwao, na wakati wa chai walimu wote walikuwa nalo. Hakurudi kwenye ile ofisi.

Kuwapa walimu hao mafunzo na leseni kutachukua miaka na fedha, na tume itabidi ikubali cheo kipya. Kuwaondoa kwenye kamati ya nidhamu hakuhitaji mswada wala bajeti. Mwalimu mkuu anaweza kulimaliza kwenye kikao cha walimu Jumatatu.