Gari Langu na Miteremko ya Mwanza

Kwa miezi minne nimeishi kwa kufuata miteremko. Jamaa anayekaa kilimani Bugando nilikuwa namtembelea kila wiki, ilhali shemeji yangu aliyejenga Igoma, kwenye kiwanja kilicholala kama mkeka, analalamika kwa ukoo mzima kwamba nimemtupa. Sikumtupa, gari langu lilikuwa haliwaki mpaka liserereke, na kwake hakuna pa kuserereka.

Ugonjwa ulianza asubuhi moja nilipozungusha ufunguo, gari likalia ta-ta-ta, kisha likanyamaza. Kabla sijashuka, majirani watatu walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Wa kwanza, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema ni betri, nami nikanunua mpya. Wa pili alisema ni stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, ikafunguliwa na kubadilishwa kaboni. Wa tatu alisema nimepigwa kijicho, na huyo ninamheshimu mpaka leo kwa kuwa ushauri wake haukunigharimu hata shilingi.

Fundi niliyempelekea alikuwa na kipimo chake: aliunganisha vichwa viwili vya betri kwa bisibisi, cheche ikaruka, naye akatangaza kwa furaha kwamba moto upo. Sijui kama alifahamu kuwa betri hutoa gesi inayoweza kulipuka. Mimi nilikuwa nimekwisha kujificha nyuma ya mwembe.

Aliyeniokoa ni kijana mpole mwenye mita ndogo ya manjano. Alipima betri ikiwa imepumzika, akapata volti 12.6, yaani imejaa. Akaniamuru nipige stata huku akiitazama. Ikashuka hadi 11.4 tu, akasema kwamba kama betri ndiyo mbovu, ingeporomoka chini ya 9.6. Kisha akagusisha waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi na mwingine kwenye chuma cha injini, nikapiga tena stata, na mita ikaonyesha volti 3 mahali ambapo hata nusu volti ni nyingi. Umeme ulikuwa unapotea njiani. Alifuata waya wa athi, ule unaotoka kichwa cha hasi cha betri, mpaka ulipofungwa kwenye bodi, akaonyesha kwa kidole: bolti imelegea, na juu yake unga wa kijani na nyeupe, mithili ya ukungu kwenye mkate wa juzi. Stata hula umeme mwingi mno kupita kwenye uchafu ule, lakini injini ikishaserereshwa huridhika na kidogo, ndiyo maana miteremko ilinisitiri.

Spana, kipande cha msasa na dakika kumi vilitosha. Ile betri ya zamani, ambayo nayo alipoipima ilikuwa nzima, imekaa chini ya kitanda changu ikinitazama.

Habari za kupona kwa gari zimekwisha kufika Igoma. Shemeji anatusubiri Jumapili, tena amesisitiza kwamba tufike mapema, na mimi sina kisingizio kilichobaki.