Nyota Nne na Nusu, Tumbo Tupu

Nimekuja London siku 9 kumtembelea mpwa wangu, na katika siku hizo 9, mbili nzima zimeishia kwenye kuchagua mahali pa kula chakula cha usiku mmoja. Sisemi kula. Nasema kuchagua.

Kosa ni langu. Nilimwambia, "Mjomba, kabla sijarudi Morogoro nataka nile kama Mwingereza, walau mara moja." Kijana akachomoa simu kama trafiki anavyochomoa mashine ya faini. Tangu hapo uso wake sikuuona tena.

Akasema kuna kitu kinaitwa gastropabu. Ndiyo nini? "Ni baa inayopika chakula kizuri, Mjomba." Nikamtazama. Kwani kuna baa ya aina nyingine? Kwetu Msamvu baa isiyo na jiko la nyama haimalizi mwezi. Ukiingia unapita kwanza kwa mchoma nyama, unamwonyesha paja la mbuzi linaloning'inia, "hapo hapo, kilo moja, usinijazie mifupa", ndipo unatafuta kiti. Wenzetu hawa jambo hilo wameligundua mwaka 1991! Kijana alinisomea mwenyewe: jamaa wawili, David Eyre na Michael Belben, walichukua baa inaitwa The Eagle, barabara ya Farringdon, wakaweka jiko nyuma ya kaunta na vyakula vya siku wakaviandika ubaoni kwa chaki. Serikali ilikuwa imeyabana makampuni makubwa ya bia tangu 1989 yapunguze mabaa yao, kwa hiyo mabaa ya kupangisha yalikuwepo. Kabla ya hapo, anasema, baa nyingi ulikunywa huku unatafuna krispi na karanga.

Kumbe wakati wanatutawala walikuwa na njaa.

Basi, kuchagua. Baa ya kwanza ina nyota 4.4, ya pili 4.5. Hiyo nukta moja tumeijadili kama shamba la urithi. Kijana anasoma maoni ya watu mpaka saa sita usiku: huyu kasema mchuzi ulipoa, huyu kasema muziki ulizidi, mwingine katoa nyota 1 kwa sababu mvua ilimnyeshea njiani. Nikamwuliza, hakuna hata mmoja aliyesema kama alishiba? Akatafuta. Hakuna.

Halafu orodha za vyakula. Kila bei naizidisha kichwani mara elfu tatu na ushee, mpaka kichwa kinapata moto. Kuna yai la kuchemsha lililovikwa nyama ya kusaga, likachovywa kwenye chenga za mkate, likakaangwa. Nikaruka: hiyo si egichopu? Egichopu ya stendi, ya kwenye ndoo nyeupe? Paundi 8! Kuna shavu la ng'ombe, kuna uboho ndani ya mfupa wake, na ndivyo vyakula vya kujivunia. Kwetu kichwa cha ng'ombe na makongoro unakula tarehe 27, mshahara haujatoka, tena unakaa umeupa mgongo barabara. Kuna pudini ya Yorkshire ambayo si tamu, ni unga, mayai na maziwa, na pichani inafanana na andazi lililokaliwa na mtu. Na kuna chipsi zilizopikwa mara tatu. Wameziandika kwa fahari kabisa! Kwetu chipsi ikiingia kwenye mafuta mara ya tatu maana yake jana hazikununuliwa, na mwenye banda hakwambii.

Siku ya pili jioni nikasema imetosha, chagua moja tufe nayo. Akachagua yenye 4.5. Lakini meza tunapewa kuanzia saa mbili na nusu hadi saa nne kamili, kisha tuirudishe, kama gari la kukodi. Na wanataka namba ya kadi ya benki, tusipotokea wakate. Yaani unaweza kulipia njaa uliyobaki nayo nyumbani.

Tulipofika, watu zaidi ya 30 wamesimama nje barabarani, glasi mikononi, wanaongea kwa sauti ya chini. Nikavua kofia. Nilijua msiba. Kijana akasema hapana Mjomba, wanakunywa tu. Mbona wasikae, viti si vile ndani vitupu? Hivyo vimewekewa nafasi, na vingine ni vyetu. Tukakaa. Juu ya mlango kuna kibao cha paa mweupe, na hilo nalo nimesomewa, kwamba mwaka 1393 mfalme Richard II aliamuru kila anayeuza pombe atundike kibao, na huyo paa ndiye alikuwa nembo yake mwenyewe. Historia nimeshiba. Tumbo linapiga kwaya.

Nikasubiri mhudumu. Saa mbili na nusu ikapita, dakika kumi, dakika ishirini. Kwetu ungegonga chupa mezani mara mbili, au ungeita "dada!" na madada watatu wangegeuka. Hapa nilikohoa. Hakuna kitu. Pembeni yetu kuna mzee na mbwa wake, mbwa mkubwa mwenye nywele kama zulia, amelala chini ya meza. Akapita binti wa pale, nikanyanyua mkono. Akanipita, akamwekea mbwa bakuli la maji, akampapasa, akarudi na biskuti mbili. Sina ugomvi na mbwa. Nasema tu mbwa hakuwa amekata nafasi.

Mpwa wangu wakati huo anafanya nini? Anatazama simu. "Mjomba, kuna nyingine ina 4.6, dakika kumi na mbili kwa miguu." Nikamwambia ukitaja nyota tena nitamwambia mama yako.

Ndipo akainua macho, akasoma karatasi iliyokuwa mezani tangu tunaingia: vyakula vyote unaagiza kaunta. Miaka 3 anaishi mji huu, ila ni mlokole, baa haijui. Anakula vya kupasha moto kutoka supamaketi. Akakimbia kaunta. Na hawa Waingereza, wanaopanga foleni hata kituoni kwenye mvua, kaunta ya baa hawapangi! Wanasimama kifua mbele wote kwa pamoja, na bado kila mtu anajua nani alitangulia. Kasoro sisi.

Zamu yetu ilipofika ilikuwa saa tatu na dakika nne. Yule kijana wa kaunta alisikitika kweli, uso ulimshuka. Jikoni wamefunga saa tatu. Bia zipo. Krispi zipo, za chumvi na siki.

Tumerudi mpaka walipokuwa kabla ya 1991.

Nilikula krispi zangu polepole nikimwangalia mbwa, naye ananiangalia. Kisha tukatoka, tukavuka barabara, kuna kiduka cha kuku wa kukaanga, taa nyeupe, hakina meza wala kibao cha mfalme. Chipsi kuku, dakika nne, na pilipili akaniuliza kama nataka. Karibu nimkumbatie. Tukapanda basi la ghorofa, tukakaa juu kabisa mbele, nikala mpaka vidole vikang'aa.

Tumefika nusu ya njia, simu ya mpwa wangu ikalia. Ile baa inauliza chakula kilikuwaje.

"Mjomba, niwape nyota ngapi?"

"Wamuulize yule mbwa."