Ghorofa tatu za Ubungo, na mataa bado yapo

Juzi shemeji yangu wa Songea karusha picha kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Makutano ya Ubungo usiku, imepigwa kwa droni, daraja juu ya daraja, taa zimewaka kila kona. Chini kaandika: "Dar mmefika Ulaya." Wajomba na mashangazi wakamwaga makofi na moto. Mimi saa hiyo hiyo nilikuwa Ubungo. Chini. Nimetoka Mwenge naelekea Kimara, nasubiri kukata kulia, na trafiki alishaamua kwamba taa ya kijani ni pambo, atatuita yeye akijisikia.

Nikaandika jibu, nikalifuta. Nisiharibie watu jioni yao. Nikasema nitakuja kuharibu huku.

Ninachokubali nikimalize haraka, maana kinaniuma. Anayetoka Buguruni kwenda Mwenge moja kwa moja leo anapita juu hata breki hagusi. Anayetoka Mbezi kwenda Magomeni, vivyo hivyo. Enzi za Ubungo Mataa unazima injini, unanunua karanga, unamaliza karanga, unamrudia muuzaji kwa maji. Aliyekaa pale tumbo linamsokota hawezi kuniambia daraja halina kazi. Haya, nimesema, tusirudi hapo.

Sasa mjiulize: nani anapita Ubungo bila kuwa na shughuli Ubungo? Kwa sababu ghorofa za juu ni za huyo tu. Za anayenyoosha. Daladala haiwezi kupita juu, ina abiria wa kushusha. Abiria wa mwendokasi anayeunganisha gari la Buguruni yuko chini. Anayekata kulia yuko chini, kwenye mataa, kama zamani. Bajaji chini, mkokoteni chini, mwanafunzi wa chuo na begi lake chini. Yaani tumetumia zaidi ya shilingi bilioni 200, tumekopa Benki ya Dunia, tumejenga ghorofa, kisha wapangaji wengi tumewaacha barazani.

Na wa chini kabisa ni mtembea kwa miguu. Mama anashuka kwenye daladala upande mmoja na ndoo ya samaki, gari lake la pili liko ng'ambo. Ukiangalia pale, ni kama wachoraji hawakumwona yule mama. Mishale ya magari iko kila upande, yake ni ya kumzungusha. Basi anajichorea mwenyewe: anaruka ukingo, anakimbia, anasimama katikati malori ya kwenda Zambia na Kongo yakimpita puani, anakimbia tena. Wenye magari tunapiga honi na kusema watu hawa hawana nidhamu ya barabara. Nidhamu! Mtu umemzungushia njia chini ya jua la saa nane, ukashangaa akikatiza.

Kingine kinachonichekesha. Kijazi Interchange, yaani haya madaraja ya Ubungo, ilizinduliwa Februari 2021. Mwezi ule ule ikazinduliwa stendi ya Mbezi Luis, na mabasi ya mikoani yaliyokuwa yanajazana Ubungo yakahamia huko. Mabasi ya Arusha, Mwanza, Mbeya, pamoja na teksi, wapiga debe na wasindikizaji waliokuwa wakiyafuata, yameondoka pale kwa mpigo. Foleni ikapungua. Sifa zote zikaenda kwa zege! Hakuna aliyewahi kumpigia makofi dereva wa basi kwa kuhamia Mbezi. Mimi si mhandisi, ila ukimpa mgonjwa dawa mbili siku moja akapona, usije kunitambia kichupa kimoja.

Makutano ya TAZARA, pale Nyerere Road inapokatana na Mandela, ni hadithi ile ile, imetangulia tu. Daraja la juu la pale, Mfugale, lilifunguliwa Septemba 2018 kwa msaada wa Wajapani. Aliyeko Nyerere Road, ambayo kwa bahati ndiyo njia ya uwanja wa ndege na ya kila msafara wenye ving'ora, anapaa. Aliyeko Mandela, mwenye kontena la bandarini au mwenye kibarua kiwandani, anakaa chini kwenye mataa akiangalia matumbo ya daraja.

Lakini hasira yangu hasa haiko kwenye zege. Iko kwenye sababu ya sisi sote kukutana Ubungo. Angalieni jiji hili lilivyokaa. Barabara kubwa za kuingia mjini ni nne: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere, Kilwa. Zote zinakimbilia Posta na Kariakoo. Barabara kubwa ya kuziunganisha zote kwa pembeni ni ile moja, Sam Nujoma ikigeuka Mandela. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728. Watu milioni tano na barabara moja kubwa ya kukatiza! Mtu wa Kimara akialikwa harusi Mwenge, lazima akasalimie Ubungo. Akitaka kwenda Mbagala, Ubungo. Unaweza kuweka pale ghorofa kumi, watu wataendelea kuja kwa sababu hujawapa pa kupita pengine.

Mnataka ushahidi? Goba. Mnakumbuka Goba ilivyokuwa, ukifika nyumbani mvua imenyesha unaacha gari kwa jamaa wa duka la vifaa unapanda kilima kwa miguu, viatu mkononi. Kisha ikapigwa lami kutoka Mbezi Mwisho mpaka Goba, na kutoka Goba mpaka Tangi Bovu, kwenye Barabara ya Bagamoyo. Barabara nyembamba, ina kona zake, ina matuta ya kijinga, hakuna aliyeipiga picha ya droni. Lakini leo mtu wa Mbezi anayekwenda Mbezi Beach hapiti Ubungo tena. Hapiti kabisa! Hakuhitaji daraja, alihitaji kilomita chache za lami. Sijawahi kusikia shemeji yeyote akituma picha ya tuta la Goba, ila kwa kila shilingi iliyotumika mimi naiweka Goba mbele ya Ubungo mchana kweupe.

Sasa niambieni Goba nyingine ziko wapi. Kivule, Majohe, Msongola, vichochoro vya Kimara na Tabata ambavyo vingeunganishwa tu vingepunguzia Mandela nusu ya kero zake. Barabara nyingi za huko ni za TARURA, wakala wa barabara za mitaani na vijijini, na kwa miaka mingi Mfuko wa Barabara umegawanywa asilimia 70 kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu, na 30 kwa TARURA. Mwenye barabara kuu kachukua saba, mwenye mitaa yote ya nchi kapewa tatu. Diwani wenu akileta greda siku tatu kabla ya uchaguzi, msimlaumu sana, ndiyo hiyo tatu.

Halafu kuna Jangwani. Jamani, Jangwani. Barabara ile ile ya Morogoro tuliyoipandisha ghorofa Ubungo, ukiifuata kilomita chache tu kwenda mjini, mvua ikinyesha inafungwa. Mto Msimbazi unapita juu yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, waliobaki bondeni wakaambiwa hapa hapakaliki, wakapelekwa Mabwepande. Sawa. Kisha mwendokasi ukaja, ukaanza kazi Mei 2016, na maegesho ya mabasi yakawekwa wapi? Bondeni pale pale! Binadamu hapamfai, basi la mamilioni linapafaa. Mabasi yakalala majini, na kila masika abiria wa Kimara anashushwa Magomeni aambiwe ajitegemee.

Sasa hivi kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, na daraja la juu pale limo. Vizuri, nalisubiri, nitakuwa wa kwanza kulivuka. Ila mpangilio ndio unaoniua. Mto huu haujahamia Dar mwaka jana. Ulikuwepo wakati wa michoro ya mwendokasi, ulikuwepo wakati wa michoro ya Ubungo, na kila mwaka unajitambulisha upya kwa asiyeujua. Tukaanza kwa kuokoa dakika za anayenyoosha Ubungo, tukamwacha mtu anayezuiwa na maji asubuhi nzima asubiri miaka.

Kimara kwenda Kibaha, njia nane, kilomita 19.2. Upanuzi ukaanzia Kimara kwenda nje, si Kimara kwenda mjini. Siongezi neno hapo, isipokuwa moja: watu walivunjiwa nyumba 2017 kuanzia Kimara mpaka Kiluvya, nyumba za maisha, watu wazima wamekaa juu ya kifusi na magodoro. Nilipita pale wakati ule na sikuweza kuongea na abiria mwenzangu mpaka Mbezi. Kama tunachukua kitu kikubwa hivyo kutoka kwa mtu, basi angalau hesabu ya barabara iwe imefanywa sawasawa.

Daraja la Tanzanite sitaligusa. Linapendeza. Kilomita moja na ushee juu ya bahari, ili mtu wa Masaki asichelewe Posta. Hongera zake.

Nimesikia zamu zinazofuata zimeshatajwa: Mwenge, Buguruni, Tabata, Magomeni, Morocco. Kila mahali ghorofa. Najua mtajenga, na najua kutakuwa na utepe na mkasi. Basi Mwenge kabla hamjachora chochote, mtume kijana mmoja wa ofisini asimame kituoni kuanzia saa kumi na moja alfajiri na daftari. Asihesabu magari. Ahesabu watu, aandike wanashuka kwenye gari gani, wanatembea kwenda wapi, wanavukia wapi. Akirudi mumuulize wangapi kati yao watapita juu ya daraja lenu. Na shemeji, kama unasoma, ukija Dar mwezi wa kumi na mbili usipange kushukia Ubungo. Basi lako litaishia Mbezi, panda la Goba, mimi nitakupokea Tangi Bovu.