Wenzetu wanaondoa gugu maji likiwa dogo, sisi tunasubiri mgeni rasmi

Ndugu zangu wa Kigoma, mi nipo Florida miaka sasa na kinachoniuma nikikumbuka kwetu sio barabara wala umeme, ni gugu maji. Huku mto wao mkubwa, St. Johns, ulishawahi kuzibwa na gugu lile lile linalowatesa watu wa Mwanza, la maua ya zambarau, lililetwa kama ua la bustani kutoka Amerika ya Kusini, miaka ya 1890 likajaa mtoni mpaka meli zinashindwa kupita na bunge la Marekani likaingilia kati 1899. Walihangaika jamani! 1910 mbunge wa Louisiana, Robert Broussard, akapeleka muswada waletwe viboko kutoka Afrika waje walile halafu nyama iuzwe, haukupita, ila mtu yeyote wa mto Malagarasi kwetu angewaambia bure kwamba kiboko usiku anatoka majini anaingia kwenye mahindi ya watu.

Kilichowasaidia ni kuacha kusubiri. Jimbo lina watu wanaozunguka na maboti mwaka mzima, wakikuta kafungu kadogo wanapiga dawa hapo hapo maana wanajua haliishi, wanachotaka lisije likatawala, na 1972 waliachia na wadudu mbawakavu wanaolitafuna, wale wale waliokuja kutumika Ziwa Victoria. Kukaa nalo bila kibali ni kosa. Sio kwamba kila mtu anafurahi, wavuvi walilalamika sana kuhusu dawa mpaka mwanzoni mwa 2019 jimbo likasimamisha kupuliza liwasikilize kwanza, hapo niliwavulia kofia.

Sasa kwetu Tanzania linaachwa lijae, halafu siku moja anakuja mgeni rasmi, wananchi na mapanga, picha, soda, watu wanatawanyika, na gugu lile kwenye joto linaongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili hivi, sa hapo mmefanya nini? Na msiniambie serikali haina ubavu, 2024 si ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika upande wetu wote kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili dagaa na migebuka wazaliane, watu wakatii na njaa yao.

Tanganyika yenyewe ina kina na maji yake hayana rutuba kama ya Victoria, kwa hiyo kule katikati siogopi, mi naogopa Ilagala pale mto Malagarasi unapoingia ziwani, na yale mabwawa ya juu huko, maji yametulia na tope kibao. Nyavu na maboti yaliyotumika Victoria yakipakiwa kwenye lori kuja huku nani anayakagua? Wekeni vijana wawili wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, kila mwalo, Kibirizi, Katonga, Ilagala, wapite kila wiki na walipwe kila mwezi, sio posho ya siku ya sherehe, na hela itoke kwenye ushuru wa samaki ambao halmashauri inakusanya hapo hapo mwaloni.