Nendeni Istanbul jua linapozama saa kumi na mbili

Kila anayeniuliza aende lini Istanbul huanza na baridi. "Novemba si mtaganda huko?" Baridi haina shida, koti linanunuliwa. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Laleli, mtaa wa maduka ya jumla wa Istanbul, watakwambia makoti yamejaa kule kuliko kwingine kokote walikopita. Jambo ambalo sisi watu wa karibu na ikweta hatulifikirii hadi litukute ugenini ni jua: linachomoza saa ngapi, linazama saa ngapi.

Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote ya mwaka hauuzidi ule mfupi hata kwa saa moja. Istanbul iko nyuzi 41 kaskazini. Juni mchana wake unafika saa 15, Desemba unabaki saa 9 na dakika chache. Kinachotudanganya ni kwamba tangu 2016 Waturuki waliacha kusogeza saa zao mbele na nyuma, kwa hiyo mwaka mzima saa yao ni sawa na ya Afrika Mashariki. Unatua uwanjani, unatazama simu, saa ni ileile ya nyumbani. Unadhani hata siku ni ileile.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa wiki ya mwisho ya Desemba, kwa sababu tiketi ilikuwa nafuu. Siku ya kwanza niliamka saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida yangu, nikavaa, nikatoka. Giza totoro. Saa moja, giza. Nilisimama kwenye kona moja ya mtaa wa Sultanahmet nikiwa na simit mkononi, ule mkate wa duara wenye ufuta, umeshapoa, nikisubiri kuche ili nione huo msikiti niliousafiria. Jua lilichomoza saa 2:25. Tena halikupanda juu kama jua letu, lilipita pembeni pembeni kama linaloona haya, na kabla ya saa kumi na mbili jioni likawa limezama. Siku tano nilizolipia zilikuwa siku tatu na nusu.

Julai nako ni kinyume chake. Jua linazama saa 2:40 usiku, adhana ya isha inakaribia saa nne na nusu, na alfajiri inaingia saa tisa na nusu. Mtu anayeswali vipindi vyake vyote alale saa ngapi? Juu ya hapo kuna fukuto la bahari tunalolijua sisi watu wa pwani, na foleni ya kuingia Ayasofya, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, juani. Unaacha kipupwe kitamu nyumbani, unalipa nauli kwenda kutafuta jasho. Shangazi yangu alikwenda Julai na watoto, na hadi leo simulizi yake ya Istanbul ni foleni na maji ya chupa.

Linalonigusa zaidi katika habari hii ni kwamba Waturuki wenyewe walikuwa na saa kama yetu. Enzi za Waosmani, kabla ya Jamhuri ya Uturuki, siku ilianzia magharibi. Jua likizama ndiyo saa kumi na mbili, na baada yake unahesabu saa moja, saa mbili, kama tunavyosema sisi saa moja usiku. Kwa kuwa kule wakati wa magharibi huhamahama, saa za watu zilibidi zirekebishwe mara kwa mara kulifuata jua. Misikiti mikubwa ilikuwa na chumba cha muvakkit, mtunza wakati. Neno lao na neno letu "wakati" yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Hesabu hiyo ilifutwa kwa sheria, na kuanzia 1926 Jamhuri ikashika saa ya Ulaya. Chumba cha muvakkit bado kipo pale uwanjani Ayasofya. Wengi wanakipita bila kukitazama, na mimi ningemwomba kila Mswahili asimame hapo dakika mbili.

Sasa, majira ninayoyatetea ni kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Novemba. Kamusi zetu hupenda kuyaita vuli, lakini vuli yetu ni mvua na mashamba kuanza kijani, yao ni majani kugeuka rangi ya kutu na kupukutika. Wiki hizo jua linazama karibu na saa kumi na mbili, kama nyumbani. Asubuhi linachelewa kidogo, saa moja na nusu hivi, lakini hilo linavumilika. Unakunywa chai taratibu na alfajiri huikosi. Hali ya hewa inachezea nyuzi 10 hadi 20. Sweta na koti jepesi vinatosha. Watalii wa kiangazi wameshaondoka, na ndani ya Süleymaniye, msikiti ambao msanifu majengo Mimar Sinan aliukamilisha 1557, unaweza kukaa kwenye zulia ukasikia nyayo za mtu mmoja tu kutoka upande wa pili.

Halafu kuna samaki. Meli za uvuvi hazitupi nyavu kubwa kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Agosti, msimu unafunguliwa Septemba mosi. Vuli ikikolea, samaki wanaoitwa palamut, jamii ya jodari, na wale wa lüfer wanateremka kutoka Bahari Nyeusi wakipita kwenye mlango wa bahari wa Bosphorus, katikati kabisa ya mji. Daraja la Galata wavuvi wa mshipi hujipanga bega kwa bega. Mtu wa Bagamoyo au Lamu hahitaji mkalimani hapo. Utamwona mzee anatazama maji, anatazama kidole chake kilichoshika uzi, na utajua anasubiri nini.

Nilirudi Novemba nikiwa na mama. Tulikwenda mtaa wa Vefa, kwenye duka linalouza boza tangu 1876, kinywaji kizito cha nafaka iliyochachushwa, kinanyunyiziwa mdalasini na dengu za kukaanga juu. Mama alionja kijiko kimoja, akaniangalia. "Wewe, hii si togwa?" Akamaliza glasi na yangu akaisaidia.

Sisemi Novemba haina dosari. Mvua zipo, na upepo wa kusini-magharibi wanaouita lodos ukivuma sana, vivuko husimamishwa. Na wanaotetea Aprili wana hoja. Tulipu za bustani ya Emirgan ni nzuri kweli, na kuelekea mwishoni mwa mwezi huo miti ya erguvan inachanua zambarau kandokando ya Bosphorus. Ila maua hayo ni ya wiki chache, hayakusubiri, na dunia nzima imeyafuata. Ukikosea kwa siku kumi unakuta majani.

Kitu kimoja tu kingenifanya nibadili ushauri, nacho ni Ramadhani. Kwa miaka hii inaangukia majira ya baridi, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Maana yake saumu ya Istanbul sasa haiizidi sana ya kwetu, wakati ikiangukia Juni inafika saa 17 na zaidi. Usiku minara ya misikiti mikubwa hutundikiwa mahya, maneno ya taa yanayoning'inia hewani kutoka mnara hadi mnara. Mwenye nia ya kufuturu kwenye uwanja wa Sultanahmet aende miaka hii hii, baridi na iwe baridi.

Wengine wote, Novemba. Msiende soko kuu la Kapalıçarşı Jumapili wala jumba la Topkapı Jumanne, yanafungwa. Mkiwapo tarehe 10, saa tatu na dakika tano asubuhi, msishtuke ving'ora vikilia na magari kusimama barabarani. Ndiyo dakika aliyofariki Atatürk, mwasisi wa Jamhuri yao, mwaka 1938, na mji wote unasimama.

Jioni yetu ya mwisho tulipanda kivuko Eminönü kuelekea Üsküdar, ng'ambo ya Bosphorus. Shakwe walikuwa wanatufuata, kuba za upande tuliouacha zimeanza kuwa nyeusi. Mama akauliza saa ngapi. Nikamwambia kumi na mbili kasoro dakika tano. Akatazama jua lilivyogusa maji, akasema, "Basi hapa saa yao imekaa sawa." Adhana ya magharibi ikaanza upande mmoja, upande wa pili ukaipokea, tukiwa bado majini. Tulipotia nanga msikiti wa Mihrimah Sultan ulikuwa hapo hapo mbele ya gati. Mama akanipa mfuko wa kokwa za kuchoma zinazoitwa kestane, za moto bado, akakaza mtandio wake, akaingia kuswali.