Anayejikweza ana wanaomkweza

Mtu akikosea hadharani huku amejaa uhakika, siku hizi hakosekani wa kumrushia ule mchoro wa kilima: mstari wa kujiamini unapanda wima kwa asiyejua kitu, unaporomoka anapoanza kujifunza, kisha unapanda tena polepole anapobobea. Mchoro huo hubandikwa majina ya Justin Kruger na David Dunning, wanasaikolojia waliokuwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani. Tatizo ni kwamba kilima hicho hakimo kwenye utafiti wao wa mwaka 1999.

Walichokikuta ni hiki. Robo ya washiriki waliofanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya mantiki, sarufi na kupima kichekesho kipi kinachekesha walikuwa, kwa wastani, wamewazidi watu 12 tu katika kila 100, ilhali wenyewe walikadiria kuwa wamewazidi 62. Waliofanya vizuri zaidi walijipunja. Lakini wa mkiani hawakujiona bora kuliko wa mbele. Walijiona wako juu kidogo ya wastani, basi. Na wapo watafiti wanaosema sehemu ya pengo hilo ni hesabu tu: aliye chini kabisa akikosea kujikadiria, hana pa kukosea ila kwenda juu.

Kinachonichekesha ni kwamba sijawahi kumwona anayerusha mchoro huo akijiweka yeye mwenyewe juu ya kilima. Kujikweza limekuwa kosa la watu wengine. Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson aliwaomba madereva wajilinganishe na wenzao waliokuwa kwenye utafiti uleule. Kwa upande wa ustadi wa kuendesha, asilimia 93 ya Wamarekani walijiweka kwenye nusu ya juu. Waswidi walikuwa wapole zaidi, asilimia 69. Nusu ya juu haiwezi kubeba watu wote hao. Kwa hiyo tusijifanye tunajadili maradhi ya wapumbavu wachache.

Na wala si wote wanaokubali kwamba ni maradhi. Wanasaikolojia Shelley Taylor na Jonathon Brown walijenga hoja mwaka 1988 kwamba kujiona vizuri kuliko hali halisi, na kuamini una mamlaka juu ya mambo kuliko uliyo nayo, ni kawaida kwa watu wenye afya njema ya akili, na huwasaidia kuendelea na kazi pale mwingine angekata tamaa. Mwaka 2011 watafiti Dominic Johnson na James Fowler walichapisha kwenye jarida la kisayansi la Nature hesabu zinazoonyesha kwamba pale kinachogombewa kina thamani kubwa kuliko gharama ya kukigombea, anayejiona na nguvu kuliko alizonazo huvuna zaidi, kwa sababu hujitokeza mahali ambapo mwenye tahadhari amekwisha kujitoa. Hoja hizi si za kubeza. Aliyeomba kazi bila kutimiza sifa zote zilizotangazwa, akaipata, anazijua bila kusoma jarida lolote.

Ila zinatueleza faida anayopata mwenye kujiamini. Hazisemi wanaomsikiliza wanapata nini.

Chukua kikao cha kawaida cha kazi. Mkuu anauliza shughuli fulani itachukua muda gani. Mmoja anajibu papo hapo, faili likiwa bado limefungwa: "Wiki mbili. Niachieni mimi." Wa pili ameshafanya kazi kama hiyo mara kadhaa. Anakohoa kidogo, anasema, "Inategemea. Taarifa zikija zimekamilika, wiki tano. Zikija nusunusu, nane." Macho yanarudi kwa wa kwanza. Kazi inamalizika wiki ya saba, na hakuna anayekumbuka kwamba kuna mtu alitaja wiki mbili. Wa kwanza anakumbukwa kwa kujitolea. Wa pili amebakiwa na sifa ya mtu wa visingizio, na ndiye pekee aliyesema kweli.

Cameron Anderson na wenzake waliufuatilia mchezo huu kwenye tafiti walizochapisha mwaka 2012. Waliojiona bora kuliko walivyokuwa walipewa hadhi na ushawishi zaidi ndani ya makundi yao, kwa sababu waliongea zaidi, kwa sauti ya uhakika, huku wametulia, na wenzao waliyasoma hayo kama dalili za uwezo. Tafiti zilizofuata za timu hiyo zilileta jambo linalonikera zaidi: hata ukweli ulipowekwa mezani, kundi halikuwashusha. Tumefundishwa kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini sokoni kinachojitembeza ndicho kinachonunuliwa.

Hapo ndipo suala la tabaka linapoingia, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Peter Belmi na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2019, walitumia kumbukumbu za wafanyabiashara wadogo zaidi ya 150,000 wa Mexico waliokuwa wakiomba mikopo, pamoja na majaribio mengine. Wenye elimu, kipato na nafasi ya juu zaidi katika jamii walielekea kujiona wamewazidi wenzao kwenye mtihani waliopewa kuliko matokeo yalivyoonyesha. Kisha wanafunzi wa chuo wakafanyiwa usaili wa mfano uliorekodiwa, na watu wasiowafahamu wakaulizwa nani anaonekana anafaa. Waliotoka familia za juu walijiamini kupita kiasi, na kujiamini huko kukawafanya waonekane wana uwezo zaidi. Hawakudanganya mtu. Wamekulia mahali ambapo kauli yao husikilizwa, basi wanaongea kama watu wanaosikilizwa.

Ndiyo maana nasaha zote mbili tulizozizoea zina kasoro. "Jishushe" humfikia zaidi yule ambaye tayari yuko chini. "Jiamini" humwambia maskini aige lafudhi ya uhakika ambayo mwenzake alizaliwa nayo, na akiiga vibaya ataambiwa anajimwambafai. Hapa siwezi kusimama katikati: kati ya hizo mbili, ya pili ina madhara madogo kwa aliye chini. Lakini inaacha kipimo kilekile kibovu mahali pake, na inaongeza kelele sokoni.

Swali ninaloliona lina maana zaidi ni nani anayelipa kosa likitokea. Brad Barber na Terrance Odean walichunguza akaunti za hisa za zaidi ya kaya 35,000 za Marekani, kuanzia 1991 hadi 1997: wanaume, waliotarajiwa kujiamini kupita kiasi zaidi, waliuza na kununua kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, na pilikapilika hizo zikawapunguzia faida zaidi. Fedha ni zao, hasara ni yao. Titan, chombo cha kuzamia baharini kilichoangamia mwezi Juni 2023 kikielekea kwenye mabaki ya Titanic, ni habari nyingine. Wataalamu wa vyombo vya chini ya bahari walikuwa wamemwandikia mkuu wa kampuni iliyokimiliki mwaka 2018 kumtahadharisha. Aliendelea. Alikufa ndani yake, pamoja na watu wengine wanne.

Dawa inayofanya kazi ni kavu, haina mvuto: kuandika kilichotabiriwa, kisha kurudi kukagua. Watabiri wa hali ya hewa waliochunguzwa miaka ya 1970 nchini Marekani walipokadiria uwezekano wa mvua, makadirio yao yalikaribiana sana na mvua iliyonyesha kweli. Hawakuzaliwa wanyenyekevu kuliko sisi. Kila siku waliandika tarakimu, na kesho yake mbingu ikawajibu.

Maofisini ukaguzi wa namna hiyo ukiwepo, huanza na wa chini. Karani huulizwa kwa nini alisema Ijumaa na leo ni Jumanne. Makadirio ya mkurugenzi huitwa maono, na maono hayana tarehe ya kurudiwa. Anayeweza kumlazimisha aandike tarehe hiyo ni bodi yake, na wajumbe wa bodi wengi walichaguliwa kwa kipimo kilekile kilichomchagua yeye.