Msiilaumu R kwa mlango alioufunga mwingine

Ijumaa saa kumi na moja jioni, saa ambayo mtu mwenye akili zake ameshafunga laptopu anawaza samaki wa kukaanga, ujumbe ukaingia: "Shikamoo dada. Samahani kwa usumbufu. R yangu imegoma kufungua data." R ni programu huria ya kuchambua takwimu. Faili limeambatanishwa, na mwisho wa jina lake kuna herufi tatu: mdb, yaani faili la Access, programu ya Microsoft ya kuhifadhi majedwali ya data. Nikajua wikiendi imekwenda.

Huyu binti anasoma shahada ya uzamili. Ofisi moja, siitaji, ilimpa data za utafiti wa kaya wa zamani kidogo, na alihangaika miezi mitatu kuipata barua ya kibali yenye muhuri na sahihi mbili. Faili lenyewe lilichukua dakika mbili: likanakiliwa kwenye flashi, asante, kwa heri. Hakuna aliyemwambia kwamba humo ofisini nako hakuna tena kompyuta inayolifungua. Iliyokuwa na Access iliondoka na mradi.

Alipomweleza msimamizi wake, akajibiwa: "Si nilikwambia utumie SPSS? R ngumu."

Damu ikanichemka. Kwanza, hiyo SPSS, programu ya takwimu ya kampuni ya IBM, ni ipi? Ya kununua, au ile inayozunguka kwenye flashi ikiwa imeshavunjwa kufuli, ambayo nusu ya tasnifu za nchi hii zimepikwa nayo na kila mtu anajifanya hajui? Pili, SPSS nayo ikitaka kusoma faili la Access inapita mlango huohuo wa ODBC, kiunganishi cha programu na hifadhidata, ambao R inapita. Mlango ukigoma, unagoma kwa wote. Msimamizi angejaribu mwenyewe angejua, lakini kujaribu ni kazi ya wanafunzi.

Nami nikajaribu. Njia ya vitabuni ni kifurushi cha R kiitwacho RODBC, halafu amri yake odbcConnectAccess. Ikanijibu kwamba inafanya kazi kwenye Windows ya biti 32 tu, ile ya kizamani, wakati za leo ni za biti 64. Haya, nikaitafute R ya biti 32. Haipo: tangu toleo la 4.2.0, mwaka 2022, R haitoi tena ya biti 32 kwa Windows. Nikaona nishushe draiva ya Access, programu ndogo ya kufungulia mafaili yake, ya biti 64. Ikafika, ikakuta laptopu ina Office ya biti 32, ikakataa kuingia. Hao wawili hawakai nyumba moja.

Saa nne usiku nikawasha laptopu yangu kuukuu yenye Ubuntu, mfumo huria badala ya Windows, nikaweka mdbtools, programu huria ya kusoma mafaili ya mdb. Nikaandika mdb-tables, majedwali yote yakajipanga mbele yangu. Nikaandika mdb-export, jedwali baada ya jedwali, yakawa CSV, maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma. Hata dakika kumi hazikufika. Na kumbuka Microsoft hawakumpa mtu ramani ya ndani ya faili la mdb. Brian Bruns aliyeianzisha mdbtools, na wenzake waliofuata, walikaa wakalichungulia baiti moja moja hadi wakalielewa, kisha wakatugawia bure. Halafu unaambiwa kigumu ni programu huria.

Sitadanganya kwamba mambo yaliishia hapo. Tarehe zilitoka na mwaka wa tarakimu mbili, na R ikikutana na mwaka kama huo, 00 hadi 68 inauhesabu karne hii. Nikapata mkuu wa kaya, bibi mwenye wajukuu sita, aliyezaliwa mwaka 2038. Nilicheka peke yangu hadi mume wangu akaamka kuuliza kuna nini. Ikabidi nirudi niiambie mdb-export iandike mwaka mzima, bibi akarejea 1938 na heshima yake. (Tarehe ni balaa kila mahali. SPSS huhesabu sekunde tangu tarehe 14 Oktoba 1582, yaani Fort Jesus ya Mombasa haijaanza hata kujengwa. Stata, programu nyingine ya takwimu, huhesabu siku tangu 1960, R tangu 1970. Ukihamisha namba tupu bila kujua hilo, utaoa na kuzika watu kabla hawajazaliwa.)

Basi kila mtu anaiona R imeshindwa. Mimi naona mwingine kabisa: aliyekusanya data za watu akazifungia kwenye chombo cha kampuni, akaondoka.

Kabla sijawa mtu wa kukaa ofisini nilikuwa mdadisi. Madodoso ya karatasi kwenye mfuko wa nailoni, mvua, bodaboda inayozimika katikati ya matope. Dodoso letu lilikuwa linakula saa nzima na nusu kwa kaya moja. Nakumbuka mama aliyejibu maswali yote huku anapukuchua mahindi, mtoto mgongoni analia, naye ananihesabia watoto aliowazika. Hilo nalo lilikuwa swali, na lilikuwa na kisanduku chake. Tulipomaliza, baba mkwe wake aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza: "Haya maneno yetu mnayapeleka wapi?" Nikamwambia, "Yatahifadhiwa vizuri, mzee." Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, niliamini ninachosema.

Sijui faili la utafiti ule liko wapi leo, ila najua tulikuwa tunaliingizia data kwa programu gani, na ndiyo maana nikiona herufi hizo tatu moyo unashtuka. Yule mama hakutoa saa yake na nusu kwa Microsoft. Hakuitoa kwa IBM wala kwa mtaalamu mwelekezi aliyechagua Access kwa sababu ndiyo aliyoikuta kwenye mashine yake. Fomu ya ridhaa ilisema majibu yake yatasaidia jamii. Hakuna mstari uliosema: ilimradi jamii iwe na leseni, na draiva ya biti sawasawa na Office yake.

Mtu ataniambia CSV nayo si malaika. Nakubali, kwa shingo upande. Faili la sav la SPSS linabeba lebo zake humohumo: 1 ni ndiyo, 2 ni hapana, 99 alikataa kujibu. CSV inakupa 99 mkavu, na mwanafunzi asiye makini anaripoti mwanamke mwenye watoto 99. Na siku hizi kifurushi cha R kiitwacho haven kinasoma sav na dta ya Stata pamoja na lebo zake, na hata sas7bdat ya programu ya SAS, shukrani kwa maktaba ya ReadStat ya Evan Miller. Ile read.dta ya kifurushi cha foreign iliishia Stata 12, msiisumbue. Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua ubaya, nipeni sav kuliko mdb.

Lakini kwa nini nichague ubaya? Takwimu za DHS, tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, zimekuwa zikitolewa kwa Stata, SPSS, SAS na maandishi matupu, kila mtu achukue anachoweza kufungua. Kumbe inawezekana. Mkataba wa utafiti una ukurasa mzima wa posho na mwingine wa mafuta ya gari. Ongezeni mstari mmoja: mradi hauhesabiwi umekwisha, na malipo ya mwisho hayatoki, hadi majedwali yote yakabidhiwe kama maandishi matupu pamoja na kitabu cha misimbo, kinachoeleza kila namba ina maana gani. Kazi ya asubuhi moja kwa kijana wa IT, wakati Access bado ipo na aliyetunga misimbo bado anapokea simu.

Jumapili jioni nikamtumia binti CSV zake kumi na nne, na skripti ya kuunganisha jedwali la kaya na majedwali ya misimbo, maana Access ilikuwa imeyatawanya majina ya vijiji huku na majibu kule. Akashukuru sana, akaniombea dua. Baada ya dakika tano ukaingia ujumbe mwingine.

"Dada, kwenye flashi kuna lingine la awamu ya kwanza. Limeandikwa dbf, na pembeni yake kuna fpt. Hilo nalo ni Access?"

Hilo ni FoxPro, mdogo wangu. Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia mwaka 2015. Lete, ila niache kwanza nile.